Dagaa Ndani ya Yai

Nyenje wa sanduku la tatu walikuwa wamelana tena. Mizani alifunua wavu akakuta miguu isiyo na wenyewe, mabawa yaliyotafunwa, na wachache walionusurika wamejibanza kwenye trei kuukuu za mayai.

Jina la Mizani alibandikwa na kaka yake, fundi seremala aliyeyaunda masanduku hayo, maana hakuna alichowalisha wadudu bila kukipima kwanza: pumba za mahindi, unga wa soya, dagaa wa kusaga. Kaka ndiye aliyempokea alipoachika, na chumba cha nyenje wa kufuga na kuuza ndicho kilichompa sababu ya kukaa.

"Mkono wako una nuksi," wifi yake alisema kutoka mlangoni. "Ukigusa ndoa, inavunjika. Ukigusa nyenje, wanakufa."

"Nyenje wanalana wakikosa soya na dagaa, wifi. Pumba zinajaza tumbo tu, hazijengi mwili."

"Haya, daktari wa wadudu! Mume wangu alishasema: sanduku likiharibika tena, unarudisha ufunguo wa chumba na unafungasha. Niende nimwambie, au utajipeleka?"

Wifi aligeuka akaelekea kwa mumewe. Mizani alichota chakula kwenye ndoo, akakilamba. Pumba tupu! Na jana alikuwa amechanganya dagaa makopo mawili, tena kwa mikono yake. Nje ya dirisha, kuku wa wifi waliparura uani, manyoya yanang'aa. Kuku hao hao ambao juzi juzi tu walikuwa hawatagi, sasa hivi mayai yao yalikuwa gumzo la mtaa mzima. Mtu alikuwa akiwachotea chakula cha nyenje, kisha anajaziliza ndoo kwa pumba.

Mizani alichukua yai moja kwenye kikapu cha wifi, akalichemsha, akaenda kuliweka mbele ya kaka yake aliyekuwa anakunywa chai. Wifi alishafika, kasimama nyuma ya kiti, mikono kiunoni.

"Kula, kaka, kabla hujanifukuza. Yai hunuka alichokula kuku."

Kaka alimenya, akauma. Taya zikasimama.

"Unasikia nini?" Mizani aliuliza.

"Anasikia yai," wifi alidakia. "Kwani ulitaka asikie nini?"

Kaka alimtazama mkewe. Alikuwa ameshaitambua ladha ya dagaa, uso wake haukuweza kuficha. Kisha akainamisha macho kwenye sahani.

"Nipe chumvi, mke wangu," alisema.

Wifi akamsogezea.

Mizani alimwonea kaka yake aibu, kisha kinyaa. Alifungua fundo la kanga, akatoa ufunguo, akauweka kando ya maganda ya yai.

"Nyenje wako watalana mpaka waishe," alisema. "Wakiisha, mtabaki nyinyi wawili humu ndani. Na wewe, kaka, ndiye mwenye nyama laini."