Mwanachama Namba Arobaini na Moja

Mwaka 1959 nilikuwa katibu wa Chama cha Maktaba cha Ziwa Magharibi. Kwa cheo hicho nilipewa meza moja, rafu tatu na chumba cha kupanga nyuma ya soko la Bukoba. Vitabu vyetu vilikuwa mia tisa hivi, na vingi havikukaa mjini. Tulivipanga hamsini hamsini katika masanduku ya mbao yenye kufuli, tukayapakia kwenye mabasi yaendayo Kamachumu, Nshamba, Muleba na kwingineko. Kila baada ya miezi mitatu sanduku lilirudi, likajazwa vingine. Huko vijijini ufunguo ulikaa kwa mwalimu wa shule. Wanachama waliazima kwake, naye aliniletea kadi zinazoonyesha nani kachukua nini.

Kadi hizo nilizisoma kwa hamu. Ndivyo nilivyomfahamu, kabla sijamwona, mwanachama namba arobaini na moja: Bartholomayo Ishengoma, mkulima wa Kishanda. Wengine walikaa na kitabu kimoja miezi miwili. Yeye aliazima kila Jumamosi, mara nyingine viwili kwa mpigo. Kilimo cha kahawa, ufugaji wa nyuki, malezi ya watoto wachanga, hadithi, sheria za mahakama za wenyeji. Nilimjenga kichwani mwangu: mtu mwembamba, mwenye miwani, asiyependa makelele.

Mwaka ule Chama kiliamua kuwasomesha wanachama sita kazi ya utunzaji wa vitabu. Mkufunzi angetoka Nairobi, mafunzo yangechukua wiki sita hapa Bukoba, na nauli na malazi yangekuwa juu yetu. Mwenye kutaka nafasi alitakiwa kuandika barua kueleza sanduku limefanya nini kijijini kwake. Zilifika barua ishirini na nne, nyingi zikiwa za shukrani tu. Ya Kishanda haikushukuru.

"Sanduku linakaa shuleni," iliandikwa, "na shule inafungwa saa nane. Wanaume wanatoka shambani saa kumi, na wanawake hawana saa ya kutoka. Kwa hiyo vitabu vinasomwa na mwalimu na walio karibu na mwalimu. Kama ufunguo ungekuwa kwa mtu mwingine, vingesomwa na watu ambao ninyi hamjui kama wanajua kusoma."

Niliisoma mbele ya kamati. Mwenyekiti wetu, Mzee Aristides, karani mstaafu wa mahakama, aliniambia niirudie. Nilipomaliza akasema, "Huyu aitwe. Nataka kumwona."

Alifika Jumanne, saa tano asubuhi. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mabega mapana, koti zito limemkaa vibaya. Viatu alikuwa amevishika mkononi. Alivivaa pale mlangoni, bila haraka, huku sisi wajumbe watano tukimtazama.

"Karibu, Ta Bartholomayo," alisema mwenyekiti, akimpa heshima ya kwao.

"Asante, waitu," alijibu, naye akirudisha heshima kwa Kihaya.

Tulimwuliza habari za vitabu. Alianza polepole, kisha akachangamka. "Kile cha kahawa kinatuambia tung'oe migomba ili jua liingie," alisema. "Aliyekiandika hana watoto wa kuwalisha. Lakini anapoeleza kukata matawi, hapo kasema kweli. Nilikata mibuni kumi, nikaacha kumi. Ile niliyokata ilizaa mpaka majirani wakaja kuuliza." Akatueleza habari za nyuki, jinsi wanavyomtunza malkia wao, na kwa nini yeye hakukubaliana na mwandishi juu ya moshi. Mzee Aristides, ambaye sikuwahi kumwona akicheka kwenye kikao, alicheka.

Kisha akachukua kitabu mezani, akakifungua katikati. "Tusomee hapa kidogo. Ni utaratibu tu, kila mwombaji anasoma."

Bartholomayo alikipokea kwa mikono miwili. Alikitazama, akakifunga taratibu, akakirudisha mezani.

"Sijui kusoma, waitu."

Ayubu, mjumbe wetu kutoka Kamachumu, aliuliza, "Barua kaandika nani, basi?"

"Mke wangu, Kokuberwa. Alisoma mpaka darasa la nne kwa wamisionari kabla sijamwoa. Yeye anasoma, ananigeuzia kwa Kihaya, kisha tunabishana."

"Na jina lako kwenye kadi?"

"Mwalimu anaandika wenye nyumba. Alimwuliza mke wangu mwenye nyumba ni nani, naye akamwambia ni mimi. Hakusema uongo."

"Ila wewe umetudanganya!" Ayubu alipaza sauti. "Nusu saa umekaa hapa unajieleza kama msomaji!"

"Mmeniuliza habari za vitabu, nimewajibu. Kama najua kusoma, ameniuliza huyu mzee peke yake. Naye nimemwambia."

Uso wa mwenyekiti ulikuwa umerudia ukali wake. "Sasa ulikuja kufanya nini, ikiwa unajua nafasi si yako?"

"Nilikuja kuwatazama," alisema Bartholomayo. "Mke wangu anataka kuja kukaa mjini wiki sita kati ya watu nisiowajua. Barua yenu ilisema mwombaji atakutana na kamati. Nikasema vizuri, na mimi nikutane nayo."

Sikuweza kujizuia. "Na umetuonaje?"

"Bado natazama."

Tulimwomba asubiri nje. Ayubu alisema kanuni iko wazi: mwanachama ni yule aliyeandikishwa, na aliyeandikishwa hajui a wala be. Tena waliochaguliwa wengine wote ni wanaume. Mke wa mtu atalala wapi? Atalindwa na nani? Mjumbe mmoja aliafiki. Mimi nilikuwa naona haya. Kwa miaka miwili nilikuwa nimemsifu msomaji wa Kishanda kwa kila aliyenisikiliza, nikamvisha hata miwani, na siku hata moja sikujiuliza kwa nini mkulima wa kahawa aazime kitabu cha kunyonyesha.

Mzee Aristides alisema mwisho. "Miaka ishirini na miwili niliandika mashauri ya watu wasiojua kuandika. Maneno yalikuwa yao, mkono ulikuwa wangu, na hakimu hakuona shida. Hapa tuna nyumba moja yenye macho ya mmoja na masikio ya mwingine. Sijui kanuni inasemaje juu ya hilo. Nadhani haisemi kitu." Akanigeukia. "Hamidi, mwandikishe huyo mama awe mwanachama kwa jina lake, leo hii. Kisha tupige kura."

Kura zilikuwa tatu kwa mbili.

Suala la malazi lilibaki kwangu. Nilisema shangazi yangu Sada, mjane anayekaa Kashai, ana chumba. Bartholomayo aliposikia akauliza, "Shangazi yako ni mtu wa namna gani?"

"Ni Mwislamu, mkali, na hapendi uchafu."

"Nipeleke nimwone."

Tulikwenda kwa miguu. Bi Sada alimkaribisha barazani, akampa chai, akamhoji kuliko kamati ilivyomhoji: watoto wangapi, nani atabaki nao, mama anaumwa chochote? Watoto watatu, alijibu, na dada yake Joviana angekuja kukaa nao. Mwishowe shangazi akasema, "Mwambie aje. Vyombo ninavyo. Ila ajue kwangu pombe haiingii."

"Hata kwetu haiingii, mama. Sisi ni Walutheri wa kuokoka."

"Basi tutaelewana," alisema Bi Sada. Na Bartholomayo, kwa mara ya kwanza siku ile, akaegemea ukuta na kunyoosha miguu.

Kokuberwa alikuja mwezi uliofuata. Alikuwa mwanamke mfupi, wa maneno machache, mwenye mwandiko niliokuwa nimekwisha kuujua. Ningependa kusema aling'ara tangu siku ya kwanza, lakini haikuwa hivyo. Mkufunzi alifundisha nusu kwa Kiingereza. Wenzake watano walikuwa wamefika darasa la nane. Waliandika, naye alibaki na kalamu mkononi. Alipouliza neno, wawili walicheka.

Jumamosi ya kwanza nilimkuta uani kwa shangazi akimenya ndizi. Mfuko wake ulikuwa umefungwa, uko kando yake.

"Narudi nyumbani kwa basi la Jumatatu, Bwana Hamidi," alisema bila kuniangalia. "Naandika maneno kama yanavyosikika. Usiku nikiyasoma hayaniambii kitu. Nimechukua nafasi ya mtu."

"Nizungumze na mkufunzi?"

"Hapana. Ukizungumza naye nitakuwa mtu wa katibu, na watacheka zaidi."

Bi Sada, aliyekuwa akipepeta mchele, alisema, "Mwanangu, yule mumeo alikuja hapa akanihoji mimi mpaka ukoo wangu. Wewe unashindwa kumhoji mwalimu?"

Kokuberwa aliendelea kumenya ndizi. Lakini Jumatatu sikumwona kituo cha basi. Nilisikia baadaye kwamba alinyoosha mkono darasani na kuuliza, "Mwalimu, hilo neno nitawaambiaje watu wa Kishanda?" Mkufunzi alijaribu, akashindwa. Akawauliza wale waliocheka, nao wakashindwa. Walibishana nusu saa kutafuta jinsi ya kuliita kwa Kiswahili lile sanduku la kadi za vitabu, na kuanzia siku ile kila neno geni lilipotajwa mkufunzi alisimama na kumtazama. Katika mtihani wa mwisho Kokuberwa alikuwa wa nne kati ya sita. Wa kwanza alikuwa mmoja wa wale wawili, na kwa haki kabisa.

Aliporudi nyumbani alikuta vitabu sita vimepangwa mezani, havijafunguliwa. Kila Jumamosi Bartholomayo alikuwa amekwenda shuleni kuazima kimoja. "Niliogopa kadi ikikaa tupu watasema tumeacha kusoma," alimwambia. Walikaa mwezi mzima wakivimaliza.

Kamati iliamua ufunguo wa Kishanda ukae kwa Kokuberwa, lakini haukutoka kirahisi. Mwalimu Gamaliel, aliyekaa nao tangu mwanzo, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amelitunza sanduku lile vizuri, na aliona amevuliwa heshima mbele ya wazazi wa wanafunzi wake. Tulimwandikia barua mbili. Baada ya barua ya tatu alilibeba sanduku mwenyewe pamoja na mwalimu mwenzake, akalitua barazani kwa Kokuberwa, akaenda zake bila kunywa maji. Ilipita karibu nusu mwaka kabla hajaja kuazima. Siku alipokuja, Kokuberwa alimchagulia kwanza, wengine wakangoja.

Mwishoni mwa 1960 nilipeleka sanduku jipya Kishanda mimi mwenyewe. Kulikuwa na wanachama thelathini na tisa, kumi na saba kati yao wanawake. Bartholomayo alikuwa anageuza kahawa kwenye mkeka. Kokuberwa alilifungua sanduku palepale barazani, akatoa kitabu kimoja kimoja, na vitano akaviweka pembeni.

"Hivi rudi navyo."

Nilishtuka. Nilikuwa nimevichagua mwenyewe. "Vina kasoro gani?"

"Hiki kinafundisha kupanga vijiko vya aina saba mezani. Sisi tuna kijiko cha kupakulia."

"Na kile cha farasi!" alidakia Bartholomayo kutoka kwenye mkeka. "Mwambie habari za kile cha farasi!"

"Kile cha farasi kimeletwa mara tatu," alisema Kokuberwa. "Hakuna aliyewahi kukichukua."

"Lakini miaka yote hiyo mbona hamkuniambia?"

"Ungejuaje, Bwana Hamidi? Ulikuwa unaletewa kadi za vilivyosomwa."

Nilikaa kwenye kigoda nikatoa daftari. Yeye alitaka kitabu kinachoeleza haki ya mjane juu ya kibanja cha migomba alichoachiwa, kwa sababu wanawake wawili walikuwa wamemwuliza swali hilo. Alitaka cha uzazi, chenye picha. Joviana alitaka chochote cha kuchekesha. Bartholomayo alitaka cha nyuki, kinene kuliko cha kwanza, na kilichoandikwa na mtu aliyewahi kuumwa nao. Basi la saa tisa la kurudi Bukoba lilipita barabarani likinipigia honi. Sikuinuka, Kokuberwa alikuwa bado anataja.