Vani ya Kuvuta Tela la Mpima Ardhi

Mkutubi alistaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kugonga mihuri kwenye vitabu, na kitu cha kwanza alichonunua kilikuwa tela. Si tela la mizigo. Kilikuwa kijumba cha bati chenye magurudumu mawili, kitanda, kabati na dirisha dogo, alichouziwa na mpima ardhi aliyekuwa akilala humo kazini porini, mpaka magoti yalipomgomea. Majirani walimwita mkutubi huyu Swali, na hawakumsingizia. Ukimwambia mvua itanyesha, atakuuliza kuanzia saa ngapi, na nani kasema.

Kaka yake, aliyekaa naye ua mmoja, aliikataa safari kabla hajamaliza kuelezwa. "Mimi silali mahali ambapo choo kinatafutwa kwa tochi," alisema. Aliyekubali ni mkewe, mshona mapazia, ambaye kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akitaniana na wifi yake tangu chai ya asubuhi.

Kilichobaki ni gari la kulivuta tela. Kigari cha pale nyumbani kilishindwa hata kulitoa tela getini. Kilinguruma, kikatoa harufu ya klachi inayoungua, kikazima.

Muuza magari aliwaonyesha vani mbili za viti saba. Moja nyeupe, inang'aa, milango yake ya pembeni ikijifungua kwa kitufe. Ya pili ya dizeli, kahawia iliyopauka, na mlango wake hauendi mpaka uvutwe kwa mikono miwili.

"Hii nyeupe, mama, inavuta hata ghorofa."

"Ghorofa ya kilo ngapi?"

Muuzaji alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Swali alikuwa ameshavaa miwani. Aliomba kitabu cha maelekezo cha kila gari, akaketi kiti cha nyuma, akasoma ukurasa kwa ukurasa huku wifi yake akifungua na kufunga ile milango ya kitufe bila kuchoka.

"Nyeupe isivute zaidi ya kilo mia tano," alitangaza hatimaye. "Ya kahawia, mia tisa."

"Na tela letu?"

"Kibati chake cha uzito kinasema mia nne na ishirini."

"Basi nyeupe inatosha. Tuichukue twende zetu."

"Kibati kiligongwa siku tela linatoka kiwandani, wifi. Wewe siku unazaliwa ulikuwa na kilo ngapi?"

Wifi yake akajitazama kiunoni, akasema hilo swali halina adabu.

Kesho yake asubuhi jirani mwenye pikapu aliwavutia tela hadi ghala la nafaka, penye mizani ya malori. Wakalifungua kwenye pikapu, likabaki peke yake juu ya bamba la mizani. Mpima mizani, bwana mnene mwenye kalamu sikioni, alichungulia kidirishani.

"Mia sita na arobaini."

"Haiwezekani," Swali akasema. Akahesabu kwa vidole vitu walivyopakia: magodoro, jiko na mtungi wa gesi, madumu mawili ya maji, masufuria. "Vyote havizidi themanini. Kuna kilo mia na arobaini sizijui."

"Mizani yangu imekaguliwa, mama."

"Sikulaumu, baba. Nataka kujua tu."

Likapimwa tena, jibu likawa lilelile. Swali alianza kugonga kuta kwa kifundo cha kidole, ametega sikio kama daktari anayesikiliza kifua. Labda maji yameingia kwenye kuta? Akalala chini na gauni lake akachungulia uvunguni. Labda mpima ardhi kasahau mawe yake ya mipaka? Mpima mizani naye uvumilivu ulimwishia, akatoka kibandani, akaanza kugonga upande wa pili. Walizunguka hivyo hadi wakakutana mlangoni, wakaingia ndani, wakafika kwenye sanduku la chini ya kitanda. Lilikuwa na kufuli.

"Hili kufuli kaliweka nani?"

Wifi yake, ambaye hakuwa amemtania mtu tangu asubuhi, alitoa ufunguo mfukoni.

Ndani, kikiwa kimeviringishwa kwenye pazia la zambarau, kulikuwa na kichwa cha cherehani. Chini yake miguu ya chuma iliyofunguliwa, kanyagio, pasi nzito, majora saba ya kitambaa, na fungu la vyuma vya kutundikia mapazia.

"Wifi," Swali alisema taratibu, "tunakwenda kutembea au tunahama?"

"Nilijua utanicheka, ndiyo maana sikusema." Mshonaji alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Nashona tangu nina miaka kumi na minne. Wewe utabeba vitabu vyako. Mimi nitafanya nini kutwa nzima, nitazame milima? Mikono ikikaa bure inaniwasha."

Mpima mizani alikumbuka kuwa ana kazi, akatoka.

Swali hakucheka. Jambo lilikuwa limemshtua. Alikuwa ameuliza wapishi, mafundi bomba, hata wachimba makaburi habari za kazi zao. Miaka ishirini na miwili aliisikia ile cherehani ikilia ng'ambo ya ukuta, na hakuwahi kuuliza lolote.

"Ukiwa unashona," aliuliza, "huwa unafikiria nini?"

"Sifikirii, nasikiliza. Uzi ukikaribia kukatika sauti inabadilika. Sindano ikipinda, sauti nyingine. Hata mafuta yakipungua najua kabla sijaona."

Swali akaketi kando yake, wakaongea mpaka lori la mahindi lilipopiga honi nyuma yao.

Waliafikiana: cherehani na pasi viende, vyuma na majora matano yabaki. Tela likashuka hadi mia tano na hamsini.

"Hamsini tu juu!" muuza magari alilalamika waliporudi. "Nani atakuja kuzipima?"

"Mlima," Swali akajibu, akaigeukia ile ya kahawia. Lakini hapo naye akakwama. Kitabu kilisema inavuta mia tisa, ila kiliandikwa gari likiwa jipya. Je, leo? Hakuna ukurasa uliojibu hilo.

"Iwashe," wifi yake akamwambia muuzaji.

Alisimama mbele ya boneti iliyofunguliwa, kichwa kaegemeza upande, macho kafumba. Akataka mafuta yakanyagwe, yaachwe, yakanyagwe tena. Swali akakifunga kitabu cha maelekezo, akamwachia.

"Injini inashona vizuri," mshonaji akasema. "Mshono sawasawa. Ila kuna kitu kimelegea pale chini kulia. Kinagonga ukiachia."

"Hamna kitu, mama. Dizeli ndivyo zinavyolia."

Fundi wa pale aliinama na tochi, akatikisa, akainuka akiwa na uso wa mtu aliyekutwa na kosa. Raba ya kushikilia injini ilikuwa imechanika. Ilibadilishwa siku ileile. Swali aliomba aone ya zamani, akaipindua mkononi, akauliza inadumu miaka mingapi.

Vani ya kahawia wakainunua, wakasafiri wiki iliyofuata. Kwenye mlima mrefu wa kwanza vani ilirudi hadi gia ya pili ikapanda polepole, malori yakiwapita, na hakuna aliyejali. Mchana walifika kambini, uwanja wa majani kando ya bwawa, wakaonyeshwa nafasi yao kati ya miti miwili. Ilibidi waingie kinyumenyume.

"Kata kushoto!" Swali alipiga kelele kutoka nyuma.

Mshonaji akakata kushoto, tela likaenda kulia. Akakata kulia, likajikunja kama kiwiko. Mara ya sita alizima injini.

"Kwa nini linakwenda kinyume na ninavyoliambia?"

"Swali zuri hilo," Swali akasema, akachuchumaa, akachora gari na tela mchangani kwa kijiti. Wifi yake alishuka akachuchumaa pembeni, akakipokea kijiti, akarekebisha magurudumu yaliyochorwa vibaya. Nyuma yao tela lilibaki limekaa upande, nusu ndani ya nafasi yao na nusu ndani ya nafasi ya jirani, ambaye naye alikuwa anakuja kuangalia kinachochorwa.