Leseni Iliyofumba Macho

Niliota usiku wa jana, mwanangu Tunu kanilalia mkononi, kwamba nimekwenda kubadilishiwa leseni.

Leseni yenyewe jina sawa, daraja sawa, ila kwenye picha nimefumba macho. Juzi trafiki aliniambia, "Dada, huyu hapa kalala. Sasa gari anaendesha nani?" Akacheka. Mimi sikucheka. Jumatatu naanza kuendesha basi la shule, na mwenye shule kasema hataki leseni yenye maswali. Tangu baba Tunu afariki, kazi niliyopata ni hiyo tu.

Kwenye dirisha la ofisi kimekaa kibao cha barabarani, kile chekundu cha pembe nane.

"Simama," kinasema.

"Nimesimama, mkuu."

"Simama zaidi."

Nasimama zaidi mpaka kichwa kinagusa dari. Kibao kinaridhika.

Naweka kadi mezani. Inakoroma.

"Mama Tunu, niache," inanung'unika. "Toka mtoto azaliwe hujalala. Ikabidi nilale mimi kwa niaba yako."

"Nakushukuru, lakini amka, tafadhali. Jumatatu nina kazi."

Kibao kinasoma kanuni ukutani. "Kadi yenye kasoro hubadilishwa. Kasoro haifutwi, huhamishwa. Usingizi huu tumhamishie nani?"

"Nihamishieni mimi."

"Wewe dereva. Dereva haruhusiwi kulala. Una mtu mwingine?"

Nageuka. Ofisi imeshakuwa kliniki ya watoto. Kina mama wamepanga foleni kimya, na Tunu ananing'inia kwenye mizani. Hakuna anayeshangaa, hata mimi.

"Huyu anafaa," kinasema kibao. "Atalala mpaka leseni iishe muda wake. Miaka mitano. Hatakusumbua."

"Atakula saa ngapi?"

"Hatakula."

"Ataniita mama lini?"

Kibao kinatazama ukutani tena. "Hapajaandikwa."

Muhuri unashuka wenyewe kuelekea paji la uso la mwanangu. Naweka kiganja katikati. Unanigonga mimi.

"Basi la shule ndiyo limekwenda hivyo," kinasema kibao kwa sauti ya msibani. "Pole sana."

"Na liende. Nipeni mtoto wangu."

Namshusha kwenye mizani. Mzito kuliko basi lenyewe. Nalia, na kina mama wote wanasogea hatua moja mbele, kwa kuwa foleni ni foleni.

Kadi inapiga mwayo mkononi mwangu. "Wewe mwanamke mbishi! Haya, tugawane. Leo lala wewe, nami nitakesha kidogo."

Nikaamka jua limeshaingia ndani. Sijalala hivyo tangu nijifungue. Tunu alikuwa macho, katulia tuli, anatafuna leseni yangu.

"Lete, mama, hicho si chakula," nikamwambia, nikaichukua polepole na kuifuta mate kwa kanga.

Nimeitia kwenye pochi, Jumatatu nitakwenda nayo hivyo hivyo. Kwenye picha, jicho la kushoto liko wazi.