Kaburi Lililolala Kombo

Mimi nilinyimwa mume kwa sababu ya kaburi. Usicheke. Hapa Majengo, Nyeri, wenzangu walikataziwa wachumba kwa sababu ya ulevi, ukoo, au mdomo wa mama mkwe. Mimi, Rukaya binti Athman, wazee wa Salim, kijana niliyempenda, walileta posa mara mbili, na mara mbili baba aliwaambia, "Chai mmekunywa, sasa kwaherini. Siozi binti yangu kwa watu waliomlaza mama yangu kombo."

Kisa chenyewe mtaa mzima ulikijua. Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mkikuyu, jina lake la kuzaliwa Watiri. Alisilimu alipoolewa na babu, akaitwa Mwanaisha. Waliishi kwenye kijiji cha askari na wapagazi, upande wa Kiganjo, na alifariki wakati wanaume wote wamechukuliwa vitani, vile vya kwanza vya Wazungu, baba akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Aliyesimamia mazishi alikuwa jirani yake, Bi Kaltuma, Mnubi, nyanyake Salim. Wanaume waliporudi walikuta kaburi limekaa upande, halifanani na mengine. Sisi huku kibla chetu kiko kaskazini, lakini kwao Sudan watu huswali kuelekea jua linapotoka. Basi ikasemwa kwamba Bi Kaltuma alijisahau, akamwelekeza maiti kama vile bado yuko kwao. Kabla neno halijasuluhishwa, Mzungu akapewa ile ardhi, kijiji kikavunjwa, watu wakaletwa mjini, na trekta ikapita juu ya kila kitu. Bi Kaltuma hakujitetea hata siku moja mpaka akafa.

"Mama yangu amepindishwa uso," baba alikuwa akisema. "Ningejua alipo, ningemgeuza kwa mikono yangu."

Lakini nani angejua alipo? Wengine walishaanza kusema hata hicho kijiji hakikuwako, ni maneno ya Waswahili wanaojitafutia kwao.

Sasa, mwaka wa sabini na tatu, mvua ziligoma. Salim alikuwa akifanya kazi ofisi ya ramani hapa mjini, na ndege ilikuwa imepita chini chini kupiga picha za barabara mpya. Siku moja akaja barazani kwangu, mahali ninaposhona, akaweka picha kubwa juu ya cherehani bila hata salamu.

"Unaona nini?"

"Naona kitambaa cha mteja unakichafua."

"Rukaya, tazama. Hii ni ngano ya Mutahi, aliyenunua shamba la yule Mzungu kule Kiganjo."

Nikatazama. Shamba lilikuwa la kijivu, limekauka, lakini ndani yake kulikuwa na mistari myeupe imenyooka, inakutana kwenye pembe. Chumba. Chumba kikubwa, na ukuta wake mmoja umetoa kinundu katikati. Salim akanieleza kwamba chini ya ile mistari pana mawe ya msingi, mizizi haipati maji, ngano inakauka mapema. Ila kile kinundu hakukielewa. Wenzake ofisini walisema ni jiko la Mzungu.

"Jiko la nani!" nikapiga kelele hadi muuza mkaa akageuka. "Salim, wewe unaswali kweli au unainama tu? Huo ni msikiti! Hapo ndipo anaposimama imamu!"

Akashika kichwa. Tukacheka kama wendawazimu. Nikamnyang'anya picha nikaipeleka kwenye mwanga. Kando ya msikiti kulikuwa na vijistari vya kijani, vifupi, vimelala sambamba kama njiti za kiberiti.

"Na hivi?"

"Palipochimbwa shimo likafukiwa, udongo ni laini, unaweka maji," akasema polepole. "Ngano ya juu yake haikauki haraka."

Makaburi. Nikavifuata kwa kidole kimoja kimoja, na mwishoni kabisa kidole kikasimama. Kimoja kilikuwa kimelala kombo.

Kicheko kikaniisha. "Wewe una akili timamu? Baba anawashtaki miaka yote hii, halafu wewe unamletea ushahidi? Choma hii picha!"

"Nikiichoma nitakuwa nimekuoa kwa uongo."

"Hujanioa bado!"

"Ndiyo maana siichomi," akasema, na mjinga yule akaenda kumwonyesha baba jioni ile ile.

Nilisubiri matusi. Hayakuja. Baba aliishika picha kwa mikono miwili, akaitazama sana, akasema tu, "Mama." Kisha akamwambia Salim, "Asante. Sasa nina hakika." Mimi nikajua posa imekufa na kuzikwa. Akaamua kwenda kumfukua amgeuze, na sheikh wa mtaa alipomwambia maiti hafukuliwi ovyo, baba alimjibu kwamba mama si wa sheikh.

Asubuhi tuliyokwenda, Mutahi alitupokea langoni akiwa na panga. "Mnataka nini? Hii shamba ni yangu, niko na title. Ati mlikuwa mnaishi hapa? Hapana! Hakuna kitu inarudishwa."

"Shamba kaa nalo, mwanangu," baba akasema. "Mimi namtaka mama yangu."

Mutahi akamwangalia mzee na jembe lake begani. Akashusha panga. "Pitieni kando basi. Msinikanyagie ngano, hata hii kidogo imebaki."

Salim alipima kwa kamba kuanzia kwenye josho la ng'ombe lililoonekana pichani, na tulipofika, hatukuhitaji ndege tena. Ukishajua, unaona. Ngano kavu ilikuwa inafika chini ya goti, halafu ghafla ukanda wa kijani, umekwenda juu. Baba akavua viatu. Mimi machozi yalinitoka hata sikujua yameanza saa ngapi.

"Pima," akamwambia Salim. "Nataka nijue alikosea kwa kiasi gani."

Salim akatoa dira, akapiga goti. Akatazama, akaigonga, akatazama tena.

"Mzee, kibla kiko huku."

"Najua."

"Na mashariki iko huku."

"Sasa?"

"Sasa kaburi haliangalii mashariki. Haliangalii kibla chetu wala kile cha Sudan. Limeelekea hapo katikati."

"Dira yako mbovu."

"Si mbovu, mzee. Njoo uone mwenyewe."

Mimi nikasimama upande wa mgongo wa kaburi, maana maiti wetu hulazwa ubavu, nikatazama linakotazama. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu, na ukungu ulikuwa unapanda. Niliona miti, halafu msitu, halafu juu ya msitu, wazi kabisa, na theluji yake, Mlima Kenya.

"Baba," nikasema. "Njoo usimame hapa."

Alikuja. Hakuna mtu wa Nyeri asiyejua Wakikuyu wa zamani walielekea wapi wakiomba. Baba alisimama pale hadi jembe likamponyoka.

"Alimwomba," akasema.

"Nani?"

"Mama. Alimwomba Kaltuma amlaze atazame kwao. Na Kaltuma akafanya, akanyamaza. Watu wakamwita mpumbavu asiyejua kibla, akanyamaza. Angesema ukweli, wangesema mama yangu alikufa ameacha dini." Akakaa chini kwenye ngano ya watu. "Na alipokufa Kaltuma mimi sikwenda kumzika, Rukaya. Nilifunga mlango nikakaa ndani, nasikia jeneza linapita. Ee Mola, nimemdhulumu."

Sikuwahi kumwona baba akilia kabla ya siku ile. Mutahi, aliyekuwa ametufuata, alivua kofia, akageukia ng'ombe wake.

Baba alielekea kibla, akasoma Fatiha. Alipomaliza akasoma nyingine, na hatukumwuliza ni ya nani. Halafu akajifuta uso kwa kanzu, akamgeukia Salim.

"Nipeleke kwenye kaburi la nyanya yako. Tukimaliza, nipeleke kwa wazee wenu."

"Kufanya nini, mzee?"

"Kuposa."

Umeona wapi, baba wa msichana kwenda kuposa? Salim alibaki mdomo wazi. Nikamwambia aufunge, aokote jembe, twende kabla mzee hajabadilisha nia.