Arumu Moja Katikati ya Shada

Goma nzima, watu wa harusi walijua sheria ya Apolline, mfunga mashada. Bibi-arusi mwenye mama mzima alitiwa waridi jekundu katikati ya shada. Aliyefiwa na mama alitiwa arumu, lile ua jeupe linalojikunja kama faneli. Ya pembeni uchague upendavyo, lakini katikati hapakuwa na mjadala. Kanisani wanawake walinyoosha shingo, wakatazama katikati ya shada, wakajua kama wamwonee huruma au wivu.

Sheria alikuwa nazo nyingi. Samaki wa soko la Kituku, kwa mfano, hawakukanyaga nyumbani kwake, eti harufu yao huharibu maua. Samaki aliwafuata soko la mbali kabisa, kana kwamba hao hawanuki. Wateja walicheka, akawaacha wacheke.

Asubuhi ya harusi ya binti yake Christa, saa kumi na mbili, alijifunga kitenge akaingia kibandani nyuma ya nyumba, maua yalikolala ndani ya ndoo. Christa alikuwa amekataa msaada. "Shada yangu nitaifunga miye mwenyewe, Mama. Usiiguse." Naye hakutaka kuligusa. Alitaka kuchungulia tu, na mama gani asingechungulia? Akafunua kitambaa chenye unyevu.

Katikati palikuwa na arumu.

Kwanza alidhani ni shada la mteja mwingine. Akatazama utepe: ulikuwa ule wa dhahabu alioununua bwana-arusi, Jephté. Akatazama fundo: kamba ya mgomba, mizunguko mitatu, ncha imefichwa ndani, kama alivyomfundisha yeye mwenyewe. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Amenizika," akasema kwa sauti, peke yake. "Mzima mzima, na viatu vya harusi nimeshanunua."

Kanisa zima lingesoma arumu ile. Wangegeuka wamtazame yeye, mama wa bibi-arusi, kwenye benchi la mbele, kisha wangeulizana. Na wakianza kuulizana, wangefika mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufika kwa miaka ishirini na mitatu.

Kwa maana Christa hakutoka tumboni mwake. Volkano ilipomwaga moto mjini, Apolline alikimbilia Sake, mji wa jirani, pamoja na mumewe Kambale, kichwani amebeba beseni la maua, kitu pekee alichofikiria kuokoa. Njiani mwanamke kijana alimtilia mikononi kitoto cha miezi mitatu. "Unishikie, Mama. Narudia mukubwa wake, amebakia ku nyumba," akasema, akakimbia kurudi kwenye moshi. Hakuonekana tena. Apolline alimngoja wiki mbili. Alikuwa na miaka tisa ya ndoa bila mtoto, na kusema kweli, wiki ya pili alingoja huku akiomba asije. Waliporudi Goma walisema mtoto alizaliwa ukimbizini, na nani angebisha mbele ya mji uliogeuka mawe? Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe, yaani Kambale, ilikwisha kufa miaka minne iliyopita.

Mlango ukalia. Christa aliingia, rola za nywele kichwani, akaona kitambaa kimefunuliwa.

"Mama, nilikuambia usiiguse."

"Nani alikufa?" Apolline aliuliza. "Miye niko muzima, Christa. Nani alikufa?"

Christa akakaa chini sakafuni, kando ya ndoo.

"Papa aliniambia mbele ya kufa. Njia ya Sake, ile mama, yote."

Apolline akahesabu. Miaka minne! Miaka minne mtoto huyu amekula naye, amegombana naye juu ya chumvi, amemwita Mama mara mia kwa siku, na alikuwa anajua.

"Ile mama, hakuna mutu alimulilia," Christa aliendelea. "Hana kaburi, hana hata ua moja. Nikasema leo nimubebe kidogo, mupaka ku altare. Basi."

"Na miye?"

"Weye? Waridi ni ya mama mwenye anabakia ku benchi. Papa hayuko, ni weye utanishika mukono tuingie pamoja. Nani atauliza mama yangu iko wapi, na umenishika?"

Hapo Apolline angefurahi. Yote aliyoogopa kuyapoteza yalikuwa yamerudishwa mapajani mwake. Kilichobaki ni kufunga mdomo, kulia kidogo, kufunika shada. Lakini macho yake yalirudi kwenye arumu. Tangu aanze kazi hii hakuwahi kumwekea arumu mtu aliye hai, hata mara moja. Mikono ikamtangulia. Ikalichomoa ua lile, ikachagua mawaridi mawili mekundu, ikayapanda katikati bega kwa bega.

"Mama! Juu ya nini mbili?"

"Juu ile mama hakukufa."

Alieleza bila kuinua uso. Wakati huo Christa alikuwa na miaka saba. Yeye Apolline alikuwa ameenda Kituku kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akamsikia mwanamke mmoja muuza samaki akiwauliza wateja, kama alivyowauliza siku zote, habari za mwanamke mwenye beseni la maua kwenye njia ya Sake. Sauti ile aliitambua kabla ya uso.

"Nikafunika kichwa na kitenge, nikarudi. Papa yako hakujuaka. Njo sababu ya ile sheria ya samaki, Christa. Harufu haiharibu maua."

Christa alimtazama kama mtu asiyemfahamu. Rola moja ikamdondoka, wala hakuiokota.

"Anaitwa nani?"

"Kituku wote wanamuitaka Mama Miriam. Na hana mutoto ndani ya nyumba."

"Miriam ni nani?"

"Ni weye. Alinipatia jina pamoja na mutoto. Mutoto nikashika, jina nikatupa."

Apolline aliogopa kuliko alivyoogopa ule moto. Alisikiliza neno moja tu, lile la mara mia kwa siku, na halikuja.

"Misa iko saa ngapi?" Christa aliuliza, ingawa alijua vizuri.

"Saa ine."

"Na sasa?"

"Inaenda saa moja."

Christa akasimama, akazitoa rola zilizobaki moja moja, akazitia ndani ya ndoo ya maji. Akachukua shada, akatoka hadi getini, akapiga mluzi kuita pikipiki. Alisimama pale akiwa amempa mgongo.

"Mama," akasema hatimaye, bila kugeuka. "Vaa viatu. Utamuambia weye mwenyewe."