Jirani wa Kushoto

Mtaa wetu hauna ukarimu, na sitaki mtu anidanganye kwamba zamani ulikuwa nao. Tangu barabara kuu itiwe lami, wageni wanaokuja huku hawaji kutujulia hali. Wanakuja na dalali, wanashuka garini wameshaziba pua kabla hawajasikia harufu yoyote, wanagonga kuta kwa vidole kama wanaochagua tikiti maji, halafu wanauliza kama maji yanatoka kila siku. Akinunua mmoja, mwenye nyumba wangu naye anajiona tajiri na kunipandishia kodi ya saluni. Kwa hiyo nasema wazi kwamba nawachukia. Niliwachukia kabla ya mambo haya kutokea na nawachukia mpaka leo.

Nyumba iliyokuwa ikiuzwa inatazamana na mlango wa saluni yangu. Mwenyewe alifariki, watoto wake wako mbali, wakamwachia dalali funguo na majani yakaota mpaka dirishani. Kulia kwake kuna karakana ya fundi wa kuchomelea. Kushoto, ng'ambo ya uzio wa michongoma, anaishi mjane mmoja, mkunga mstaafu, ambaye mtaa mzima unamwita Upupu. Jina hilo hakupewa kwa bahati mbaya. Ukimgusa utajikuna wiki nzima. Lakini nusu ya watoto wa mtaa huu walizaliwa mikononi mwake, kwa hiyo hata wanaomsengenya humsengenya kwa sauti ya chini.

Tulikuwa na utaratibu wetu wa kupokea wanunuzi. Gari la dalali likikata kona tu, fundi anawasha mashine ya kusagia chuma hata kama hana chuma cha kusaga. Mimi nafungulia redio mpaka spika inakoroma. Mwenye duka anamwambia kila mgeni kwamba soda zimekwisha, na friji inaonekana nyuma yake imejaa. Lakini sisi wote tulikuwa wapiga makofi tu. Mchezaji mwenyewe alikuwa Upupu.

Upupu hakusimama kwake, na hapo ndipo ilipokuwa akili yake. Alichukua ndoo, akajikongoja na magoti yake mabovu mpaka kwenye bomba la mtaa mbele ya ile nyumba, akasimama pale kama mpita njia wa mtaa wa pili asiye na lake. Mnunuzi hamwamini dalali, na jirani hamwamini, lakini mama mtu mzima mwenye ndoo atamwamini, maana atafaidika nini? Upupu akishasalimiana naye alianza kumsikitikia. Alimweleza jinsi maji ya mvua yanavyoingia jikoni na jinsi ukuta wa chumba cha nyuma unavyotoka jasho. Mwanzoni aliishia hapo, na wengi waliondoka.

Kisha akaja bwana mmoja wa miwani na mkewe aliyevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kwenye vumbi letu. Hao hawakutishika. Bwana akasema maji yatachimbiwa mfereji, bibi akasema ukuta utapigwa lipu upya. Nilikuwa mlangoni na kitana mkononi, nikamwona Upupu amebanwa. Ndipo akaangalia huku na huku, akawasogelea na kusema kwa upole kabisa:

"Wanangu, nyumba mtaipaka rangi. Jirani mtampaka nini?"

Wakauliza jirani gani. Akainua kidevu, akawaonyesha nyumba yake mwenyewe. Akawaeleza habari za mama anayeishi pale kushoto, mdomo wake, ugomvi wake, anavyosikiliza watu madirishani, alivyompeleka mtu polisi kwa ajili ya kuku. Mengine yalikuwa uongo, na mengine, Mungu anisamehe, yalikuwa kweli tupu. Yule bibi alimshika mumewe mkono wakarudi garini bila kuaga. Nilicheka mpaka mteja wangu akaniomba nisimng'oe nywele.

Tangu siku hiyo Upupu aliachana na maji na ukuta. Kila aliyekuja alipewa jirani wa kushoto, na kila safari yule jirani alizidi kutiwa chumvi. Mara anamwaga maji machafu uani kwa watu, mara hajawahi kukaa na mkwe chini ya dari moja. Fundi alimwuliza kama haoni taabu kujichafua hivyo. Akamjibu kwamba jina haliliwi.

Mtu asifikiri alifanya yote hayo kwa ajili ya kodi yangu. Upupu alikuwa na lake. Binti yake wa pekee, mwalimu, alikuwa amepanga chumba na sebule upande wa pili wa mji, na alikuwa na mimba ya kwanza. Mama alitaka ile nyumba iwe ya binti yake, basi. Hakutaka kingine duniani. Alikuwa amezalisha wake za watu maisha yake yote, na sasa alitaka mjukuu mmoja aliye karibu kiasi cha kumsikia akilia. Kwa bei ya mwanzo binti na mumewe wasingethubutu hata kuuliza. Ilibidi bei ishuke, na bei haishuki kwa dua. Akamkataza binti, na mumewe pia, wasimwambie mtu kwamba mama anaishi pale, hata ukweni, kwa kuwa kinywa cha mtu hakina kufuli, na dalali akipata fununu tu ataipandisha bei.

Alikuwa na hakika kiasi kwamba alishakata pengo kwenye michongoma, pengo dogo la kimo cha mtoto anayejifunza kutembea. Alilikata kwa mkasi wangu wa nywele, aliouazima bila kusema ni wa kazi gani, akanirudishia umekuwa butu kama kijiko. Nilimgombeza. Akaniambia mjukuu wake hatazunguka barabarani kwenye magari ili aje kwa bibi yake.

Na kweli bei ilishuka. Dalali, ambaye zamani alifunga tai, akawa anakuja na ndala. Siku moja Upupu aliingia saluni akiwa na uso ambao sikuuzoea, uso wa mtu aliyeshiba. Binti alikuwa amempigia kusema sasa wanaweza. Mume ana kaka yake mkubwa anayefanya kazi migodini, ambaye hakuwahi kufika huku hata siku ya harusi, na huyo ndiye atakayetia nusu. Nikamwambia basi aiweke ndoo chini. Akasema ataiweka hati ikishatiwa saini, maana kwa bei hii watakuja wengi kuliko nzi.

Akaja mmoja wiki hiyohiyo, mtu mzima, kimya, mwenye viatu vizito. Dalali alimfungulia, akaikagua nyumba nzima mpaka juu ya dari, akatoka na utando wa buibui kichwani. Hakuonyesha kukerwa na mashine ya fundi wala redio yangu. Upupu aliona huyu ni hatari. Alimwendea na ndoo yake, na nakuambieni, sijapata kumsikia akimsema yule mama wa kushoto kama alivyomsema siku ile. Alifika mpaka kusema kwamba mwanamke yule ana binti mmoja tu, na hata huyo binti alimkimbia. Yule mtu alimsikiliza mpaka mwisho. Akamsaidia kujitwika ndoo, akamshukuru, akaondoka kwa miguu bila kumsubiri dalali.

"Huyo harudi," Upupu akaniambia.

Siku ya tatu alikuja kusuka. Alisema anataka mtindo wa heshima kwa ajili ya siku ya saini. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa, upande mmoja umelala vizuri, mwingine umesimama wima, binti yake alipoingia. Hakuketi. Tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa na miguu imevimba, na alikuwa amelia kabla ya kufika, si pale. Nilizima redio.

Alisema nyumba imekataliwa. Shemeji yake, yule wa migodini, alikuja kuitazama kimyakimya, kwa sababu anaamini mgeni asiyetoa taarifa ndiye anayeiona nyumba ilivyo. Upupu akamkatiza, akasema kama ni mambo ya maji na ukuta aambiwe yanatengenezeka.

"Anajua, mama. Amesema nyumba haina neno," binti akasema. "Amesema nyumba utaipaka rangi, jirani utampaka nini?"

Nilikuwa nimeshika msuko mmoja. Nikauachia ukafumuka wenyewe.

Binti akaendelea, bila kupandisha sauti. Alikuwa amemtetea huyo jirani. Akalazimika kusema kwamba huyo jirani ni mama yake mzazi. Mume wake akageuka kumtazama, kaka mtu akauliza kwa nini basi walimficha, halafu akajijibu mwenyewe kwamba sababu ameshaisikia bombani.

"Nimekaa kimya miezi yote hii kwa sababu ulinikataza," akasema. "Sasa ukweni wananiona mimi ndiye mwongo."

Upupu akamwambia ampigie shemeji yake simu. Akapiga, akaweka sauti ya nje. Shemeji akapokea, akatoa shikamoo kwa adabu, na Upupu akaitikia na kuanza kujieleza, kwamba yale yote alikuwa akiyatunga, kwamba alikuwa anafukuza wanunuzi ili bei ishuke, kwamba alifanya hivyo kwa ajili yao. Maneno yalimtoka ovyo. Mwanamke huyu, ambaye ulimi wake uliwatoa watu jasho bombani, alikuwa anababaika kama mtoto aliyevunja sahani.

"Sauti hii naijua," yule mtu akasema. "Wewe ndiye mama wa ndoo."

Upupu akakubali kwamba ndiye.

"Basi, mama, nakuheshimu, lakini nisikilize. Kama siku ile ulisema kweli, jirani ni mbaya. Kama ulisema uongo, jirani ni mbaya vilevile. Pesa yangu nimeitoa chini ya ardhi. Siiweki hapo."

Akaaga vizuri na kukata. Ningependa kusema kwamba alikuwa na roho mbaya, lakini nimelizungusha jambo hili kichwani mara nyingi na sioni alipokosea. Binti alimwambia mama yake kwamba mume wake amepata nyumba ya kupanga karibu na kituo chake cha kazi, safari ya nusu siku kwa basi, na watahama kabla ya mtoto kuzaliwa. Ndipo akanisalimu mimi, kama mtu anayekumbuka, akatoka. Fundi, ambaye alikuwa ameegemea mlango akisikiliza yasiyomhusu, akaanza kusema mchimba kisima. Nikamwambia akimalizia methali hiyo nitamnyoa nyusi.

Upupu aliniambia nimalizie kichwa. Nikamalizia. Nilimwonea huruma, na nilikasirika kwa kumwonea huruma, kwa hiyo nilimvuta nywele kuliko ilivyohitajika. Hakulalamika.

Nyumba haikukaa. Bei ilikuwa imeshuka mpaka ikawa kama inaita watu, na walioitika mapema ni bwana wa miwani na bibi wa viatu vyeupe. Hawakuuliza kitu safari hii, walikwisha kuyajua yote. Walilipa, na kabla ya mfereji, kabla ya lipu, kabla hata ya kufyeka majani, wakaleta tofali. Mwashi alianza ukuta upande wa kushoto. Nilivuka barabara kumwuliza mbona kulia kwenye karakana, kwenye makelele yote yale, wanaacha wazi. Akasema makelele hayawasumbui, ila wameonywa kwamba huku kushoto kuna mama mmoja hafai. Juu ya ukuta akapanga vipande vya chupa. Michongoma waliing'oa, pamoja na lile pengo.

Upupu alitazama kazi hiyo kutoka dirishani kwake. Siku ya mwisho ya ukuta maji yalikatika majumbani, akalazimika kwenda bombani na ndoo yake. Bibi wa viatu vyeupe alikuwa amesimama pale akimlipa mwashi. Alipomwona alimkimbilia kwa furaha, akamshika mikono yote miwili. Nilikuwa mlangoni, nilisikia kila neno.

"Mama, Mungu akubariki," akasema. "Bila wewe tungeingia hapa kama vipofu. Ona, tumejikinga. Karibu siku yoyote unywe chai. Kwani wewe unakaa wapi?"

Ndoo ilikuwa imeshajaa, maji yanamwagika kwenye miguu yao. Geti la Upupu lilikuwa palepale, hata mimi ningelifikia kwa kurusha kitana.

"Kule chini," Upupu akasema. "Mbali kidogo."

Bibi akamtwika ndoo na kusimama kumsindikiza kwa macho, kama watu wenye adabu wanavyofanya. Basi Upupu akapita mbele ya geti lake bila kuligeukia. Akapita duka, akakata kona na magoti yale, akashika njia ya nyuma ya karakana inayozunguka mtaa mzima, ili aje aingie kwake kwa mlango wa uani.