Transista za Baba Mkubwa

Transista mpya za amplifaya zilitoa moshi kabla Muganyizi hajagusa uzi hata mmoja wa gitaa. Dorcas alichomoa plagi, akasubiri zipoe, kisha akakata kofia ya bati ya mojawapo kwa msumeno. Ndani, mahali pa kipande cha kupitishia umeme, kikubwa kama punje ya mahindi, palikuwa na kichembe kama chawa.

"Feki," alisema. "Namba ya juu ni yenyewe, tumbo si lake."

"Zamani tulikosa kwa kuwa maduka yalikuwa matupu," Muganyizi alisema. "Leo yamefurika, na bado tunakosa. Tushukuru soko huria, binti yangu."

Amplifaya ilikuwa ya marehemu Shigela, baba yake Dorcas, aliyepiga gitaa na Muganyizi tangu ujana wao. Akiwa mahututi aliomba jambo moja: siku ya kumaliza msiba, wenzake wampigie kwa amplifaya yake mwenyewe, si ya kukodi. Siku hiyo ilikuwa kesho. Dorcas alishamaliza maduka ya mjini na mabanda ya mafundi mpaka Igoma. Transista halisi za aina ile alijua ziko mahali pamoja tu: ndani ya redio gramu, ile redio ya zamani ya kupigia na santuri, ya baba yake mkubwa, Machibya, kule Ilemela.

Alimkuta amekaa mlangoni, akiangalia ziwa katikati ya majabali.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Sema, uso wako umekuja na maneno."

Akamweleza. Mzee aligeuka kuitazama redio gramu pale sebuleni, imefunikwa shuka jeupe.

"Ile ndiyo iliyosoma jina la mdogo wangu," alisema. "Tangazo la kifo nililipeleka redioni mwenyewe kwa mkono huu. Lakini nilipolisikia linasomwa, nimeshika kikombe cha uji, ndipo nikajua amekwenda. Nikaizima. Haitaguswa."

"Baba aliomba mwenyewe."

"Yeye ameomba, amepewa kaburi na nyimbo. Mimi nibaki na nini?"

Dorcas aliinuka. Aliaga, akaondoka. Lakini jioni, mzee alipokwenda kwenye kikao cha ukoo, Dorcas alirudi na bisibisi na chuma cha kulehemia. Nyumba ile haikuwahi kufungwa kwa watoto wa ukoo. Akafunua shuka. Mshale wa stesheni ulikuwa umesimama palepale jina la baba yake liliposomwa. Hakuusogeza. Akayeyusha risasi iliyoshika transista, akazitoa zote mbili, akarudisha shuka lilivyokuwa.

Kesho yake, wageni walipokwisha kula, alimwendea Machibya mbele ya watu.

"Baba mkubwa, nimezichukua."

Muganyizi, ambaye hakujua zilikopatikana, alikuwa ameshagonga uzi wa kwanza. Sauti ilitoka nzito, yenye mkwaruzo kidogo, kama Shigela alivyoipenda. Kina mama waliokuwa wakikusanya vyombo walisimama na sahani mikononi. Machibya aliinamisha kichwa juu ya fimbo yake mpaka wimbo ukaisha. Aliponyanyuka, macho yake yalikuwa makavu na mekundu.

"Umeingia nyumbani kwangu kama mwizi," alisema. "Umeipasua maiti niliyoifunika. Piga magoti mbele ya ukoo, uniombe radhi."

"Piga, mwanangu, yaishe," shangazi alimnong'oneza. "Neno moja tu. Halina mfupa wa kukukwama."

Dorcas alipiga magoti kwenye vumbi, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa tangu utotoni. Watu wakashusha pumzi.

"Nimekuumiza, najua," alisema. "Magoti ni yako, kwa kuwa wewe ni baba yangu. Radhi siombi."